Kupanda ni Idara Nyingine

Ukisikia mtu anasema amekuja kurudisha kwa jamii, jiulize kwanza alichukua lini. Mimi hujiuliza hivyo kila nikiona kofia za bure. Mtaani kwetu kofia za bure hushuka kwa sababu mbili tu, uchaguzi au uwajibikaji kwa jamii, na safari ile haikuwa uchaguzi, maana akina mama hawakupewa kanga.

Walikuwa watu wa umeme. Shirika lenyewe silitaji. Mita yangu iko mikononi mwao na mimi giza naliogopa tangu utoto. Walikuja na turubai, viti vya plastiki, jenereta la kuendeshea spika (naam, watu wa umeme walikuja na jenereta), na miche sitini ya mikungu ya kupanda kwenye shule ya msingi anayosoma mwanangu. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili. Kila mche ulikuwa na kibao chake cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe, kimeandikwa namba, jina la aliyeupanda, na chini kabisa maneno TUNZA MAZINGIRA. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule, nikaangukiwa na Na. 43.

Picha ya siku ile ninayo hadi leo kwenye simu. Nimeinama, koleo mkononi, nimetabasamu kama mtu ambaye dunia nzima imemwangukia miguuni aiokoe. Ukiikuza picha hiyo, jambo ambalo sikulifanya mpaka mwaka huu, utaona juu ya upara wangu nyaya nne za umeme zimenyooka, zinakwenda zinakokwenda.

Hakuna aliyetazama juu. Kwenye hafla ya kupanda miti watu hutazama shimo, au kamera, au upande unakotokea moshi wa pilau.

Mkungu nao si mti wa kubembelezwa. Ukishashika ardhi hutandaza matawi yake tabaka kwa tabaka, kama mtu anayeanika mikeka. Mwaka wa nne walimu walikuwa wanasahihishia madaftari chini ya kivuli, na watoto wanapasua kungu kwa mawe na kuchafua mashati. Na. 43 ulikuwa umeupita kwa urefu hata ule wa mgeni rasmi. Hilo nililitaja kwa watu kadhaa bila kuulizwa.

Mwezi uliopita, asubuhi ya Jumanne, nikasikia msumeno wa injini unalia upande wa shule. Nilitoka na kandambili, moja ya kwangu, moja ya mke wangu. Nikakuta vijana wa kofia ngumu, mapanga, kamba na ngazi, na nusu ya mikungu imeshalala chini. Kiongozi wao alikuwa kijana mwenye adabu zake, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kugombana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana wangu, miti hii si mmeipanda nyinyi wenyewe?"

"Sisi, mzee?"

"Nyinyi watu wa umeme. Vibao vyenu si hivi hapa?"

Akakiokota kimoja, akakisoma, akakigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi, akakirudisha chini taratibu.

"Mzee, sisi tunasafisha mkuza. Kupanda ni idara nyingine."

Sentensi hiyo nimeila na kuinywa wiki nne sasa.

Na haki alikuwa nayo. Tawi likiutikisa waya siku ya upepo na mvua, mtaa mzima unaweza kuingia gizani, na waya wenyewe unaweza kukatika ukaangukia uwanja wenye watoto mapumzikoni. Mkuza ni mkuza. Hata mimi ningepewa ule msumeno ningekata, ingawa ningeanza na wa mgeni rasmi. Aliyekata hakukosea, na mkungu haukukosea kurefuka, kazi ya mti ni hiyo. Kilichokosekana ni mlango mmoja mdogo kati ya chumba cha wanaopanda na chumba cha wanaokata, na mtu mmoja wa kuupitia, hata kama anakwenda kuazima stepla. Siku ile tulihesabu miche kwa sauti, sitini, tukapiga makofi. Baada ya hapo hakuna aliyerudi kuhesabu tena. Naamini kwenye ripoti, popote ilipo, miti ile bado inamea vizuri sana.

Kabla sijaondoka niling'oa kibao changu nikakificha chini ya fulana. Nikifika nyumbani nikakisokomeza nyuma ya kabati. Mke wangu aliniona, akanyamaza. Mke anayenyamaza anahifadhi.

Nisije nikaonekana sina shukrani. Upo mradi mmoja wa watu wa umeme mtaani kwetu ambao umedumu. Njia panda ya kwenda gulioni kuna nguzo waliyoiacha imelala miaka miwili iliyopita, mlingoti mzima, sijui ilizidi au ilisahauliwa. Vijana wa bodaboda wanaikalia, wazee wanaichezea drafti, mama wa vitumbua anaegeshea ndoo yake. Ina dawa nyeusi inayochafua suruali, kwa hiyo mtaani kwetu ukiona mtu ana doa makalioni unajua alikotoka. Haikuzinduliwa na yeyote. Haina kibao.

Basi nikampelekea malalamiko yangu shemeji, ambaye ni mtu wa kusoma na pia ana kahawa nzuri. Nikamwambia watu wa umeme hawajawahi kutunza kitu chenye uhai. Akaniambia, "Shemeji, punguza. Mbona chura walimtunza?"

Chura wa Kihansi nilikuwa namjua juujuu, kama unavyomjua mtu wa magazetini. Kumbe ni mdogo kuliko hasira zangu. Jike aliyeshiba hafiki sentimita tatu, rangi yake manjano, na mayai hatagi, anazaa kabisa, watoto kama punje za mchele. Aligunduliwa mwaka 1996 chini ya maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, na duniani kote makazi yake yalikuwa bonde hilo moja, hekta mbili hivi. Mahitaji yake hayakuwa mengi: manyunyu ya maporomoko, mchana na usiku, yasikatike. Bahati mbaya maji hayohayo ndiyo yaliyokuwa yakitakiwa kuzalisha umeme, megawati 180. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya mto ikaingizwa kwenye handaki kwenda kuzungusha mitambo, na bondeni manyunyu yakakoma. Chura akaonja mgao.

Wivu wangu unaanzia hapo. Mimi nikikatiwa huambiwa nipige namba ya huduma kwa wateja, niusikilize muziki wao. Chura alipokatiwa, wenzake karibu 500 walipandishwa ndege mpaka Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, wakafugwa kwa kunyunyiziwa maji kama wako kwao. Waliobaki wakafungiwa mabomba ya kunyunyizia bonde, kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Yaani chura ana bomba na ndugu zake wako New York! Mimi bomba langu linatoa maji Alhamisi usiku, likijisikia, na ndugu yangu aliyefika mbali kuliko wote yuko Mbagala.

Shemeji alisubiri nimalize kucheka, akaniongezea kahawa, akaanza hesabu. Katikati ya mwaka 2003 wataalamu waliingia bondeni wakakadiria kuna chura kama 20,000. Watu wakapumua. Januari 2004 wakarudi, wakaona watatu. Ugonjwa wa kuvu ya ngozi ulikuwa umeshaingia. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Waliosalimika ni wale wa ughaibuni, waliokuwa wakizaana kimyakimya. Mwaka 2010 wakaanza kurejeshwa Dar es Salaam, chuo kikuu, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi, chini ya mabomba yao.

"Umesikia?" akasema. "Walijua wamebaki watatu kwa sababu kuna aliyekwenda kuhesabu. Angeachwa na kofia na pilau, mpaka leo tungeambiwa wapo 20,000."

Nikataka kubisha, nikatazama juu kutafuta hoja, macho yakaishia kwenye taa ya sebuleni kwake. Kihansi imo kwenye gridi ya taifa. Ile taa, na ile birika iliyochemsha kahawa yangu, na simu yangu iliyokuwa ikichaji ukutani kwake kwa sababu kwangu uniti zilikuwa zimeisha, vyote vilikuwa vinaramba mto wa chura. Sikumwambia. Nilimwomba kashata.

Sasa tuje kwenye maharage, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kama hujasikia, nchi yetu ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaotaka ikifika mwaka wa mwisho asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na mkaa na kuni. Mke wangu hakutaka kungoja mwaka wa mwisho. Aliona maonyesho ya mapishi, akaona maharage yameiva kwa umeme usiofika hata uniti moja, akarudi na sufuria la presha la umeme lenye vitufe kama simu. Mkaa uliobaki akampa jirani. Jiko la mkaa akalipanda maua. Nikamwambia asiwe na haraka, akaniita mzee wa zamani.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na wageni, ndugu zake, watu wa kula. Maharage yaliloweshwa usiku. Asubuhi yakaingia kwenye sufuria, kitufe kikabonyezwa, kikalia kama gari la kifahari linalofungwa. Dakika ya kumi na tano, kimya. Friji ikakata kukoroma, feni ikapunguza mwendo kama mtu anayekumbuka jambo, na ujumbe ukaingia kwenye simu: matengenezo, mtaa wetu na mitaa mingine sita, tunaombwa radhi.

Sufuria la presha likizimika halifunguki hapohapo kama sufuria la Mungu. Lina mvuke ndani na kiburi nje. Tulilizunguka watu wazima watano tukilisikiliza linavyonong'ona. Lilipokubali kufunguka, maharage yalikuwa yamefika ile hatua ambayo si mabichi na hayaliki, na ukimpa mgeni hakurudii. Gesi iliisha tangu Jumatano. Jirani hakuwapo, wala mkaa wetu.

Mke wangu akapanga mafiga matatu nyuma ya nyumba, akamhamishia mgonjwa kwenye sufuria ya kawaida, akamtuma mtoto kuni. Mtoto hakwenda mbali. Alirudi baada ya dakika chache na mzigo wa matawi ya mkungu yaliyokauka vizuri, na juu ya mzigo vibao vyeupe vitano.

"Hivi vinashika haraka, baba," akaniambia. "Vina rangi. Shuleni kila mtu anachukua."

Na. 7. Na. 12. Na. 27. Na. 31. Na. 1.

Viliwaka kweli. Cha mgeni rasmi kilitoa mwali wa bluu na harufu ya ofisini. Maharage yakaanza kutokota, wageni wakaanza kuongea tena, mmoja akasifu kwamba chakula cha kuni kina ladha yake. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na simu, naandika haya, nimefika kwenye chura, hasira imepanda vizuri, najua kabisa nitakavyowamaliza watu wa umeme.

Moto ukaanza kusinzia. Mtoto akaulizwa kama kuna vingine, akasema vipo, ila shuleni wamefunga geti. Mke wangu akainuka, akaingia ndani. Nikasikia kabati linasogezwa.

Akatoka na Na. 43 mkononi, akanikabidhi mbele ya ndugu zake wote.

"Mheshimiwa," akasema, "na wewe rudisha kwa jamii."