Namna ya Kugombana na ESP32 Mpaka Alfajiri

Kwanza, shuku cha bei ghali. Umechomeka bodi ya ESP32 kwenye laptopu na poti haionekani? Bodi imeungua hiyo, agiza nyingine. Waya wa USB usiuguse. Ndiyo, ulikuja na spika, na ndani una njia za umeme tu, za data hazimo kabisa. Lakini taa ya bodi si inawaka? Basi waya ni mzima. Wapo waliofika bodi ya tatu kwa imani hii, na waya ni uleule.

Poti ikionekana kwa bahati mbaya, usikate tamaa. Bodi ikiwashwa huanza kuropoka habari zake kwa kasi ya 115200. Wewe weka dirisha la kusomea habari hizo kwenye 9600. Zitamiminika alama za kuuliza, vijimraba na herufi zisizo na kwao. Usilinganishe namba hata kidogo. Fungua msimbo, uandike upya mistari isiyo na kosa lolote. Kisha, dirisha likiwa bado wazi, jaribu kuisoma poti hiyohiyo kwa programu yako ya Python. Poti haikubali uke wenza, nawe jifanye hujui.

Walio kwenye Ubuntu wana neema yao: wakinyimwa ruhusa ya poti, wajiongeze kwenye kundi la dialout, halafu wasitoke na kuingia upya. Walaani mfumo.

Ukitumia kigeuzi cha USB cha pembeni, unganisha TX (ya kutuma) na TX, RX (ya kupokea) na RX, kila mmoja na wajina wake. Wawili watapayuka, wawili watategeana masikio. Waya wa GND uone ni anasa. Na kama kigeuzi kina swichi ya volti 5 na 3.3, iache kwenye 5. Pini za ESP32 ni za 3.3, kwa hiyo ile kauli yako kwamba bodi imeungua ina nafasi nzuri ya kuwa kweli.

Kuna kipimo kimoja cha kukikimbia: kuunganisha TX na RX za kigeuzi chenyewe kwa kipande cha waya, kisha kuandika neno. Likirudi kwenye skrini, kompyuta, kebo na dreva havina neno. Kosa liko ng'ambo, kwenye bodi au nyaya zake, au kasi hazilingani. Ni dakika moja, bure, na usiku wako umeharibika.

Ikigonga saa tisa usiku, sakinisha Windows upya. Dreva ya CH340, ile chipu ya USB, iache kama ilivyokuwa tangu mwanzo: haijawekwa.