Kiboko Kuvaa Raba

Kwetu Goba kuna tuta moja, ukipita kwa Mangi kabla hujafika msikitini, ambalo nalijua kuliko ninavyojua tarehe za kuzaliwa za wanangu. Najua upande wa kushoto limemomonyoka kwa sababu bajaji zote hukwepea huko. Najua asubuhi utaona kivuli chake, na saa moja jioni hutaona kitu mpaka ulisikie. Nalijua kwa tumbo. Ukipita uangalie pale juu kabisa: ule mchirizi wa bluu ni mimi.

Gari langu ni Altezza. Najua msomaji ameshaanza kucheka, basi acheke amalize. Wajapani waliyatengeneza magari haya kuanzia 1998 mpaka 2005, na la kwangu lina injini ya silinda nne, lita mbili, nguvu za farasi 210, gia sita za mkono, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma kama gari linalojiheshimu. Dashibodi yake imechongwa kama saa ya mkononi ya mtu mwenye hela. Nililishusha kidogo kuliko kiwanda kilivyokusudia, na hilo ni kosa langu mwenyewe, simsingizii mtu. Mama watoto alilisema siku ileile: "Umenunua gari zima, ukalikata miguu."

Sasa Jumamosi moja naliendea tuta langu kwa adabu zote. Nimekaa mshazari, gurudumu la mbele kulia ndilo litangulie, pumzi nimebana, maana gari huwa jepesi kidogo dereva akibana pumzi. Nyuma yangu, honi. Natazama kiooni sioni gari. Naona grili. Grili tupu, imejaa kioo kizima kama meno ya mtu anayecheka karibu mno na uso wako.

Alikuwa shemeji, kaka yake mama watoto, na shangingi lake.

Nasema shangingi, ila yeye hataki liitwe hivyo. "Shem, hili si shangingi. Hili ni gari la michezo, ila limeinuka." Kampuni nitaihifadhi, ni ya Ulaya, na shemeji ana presha. Lina V8, turbo mbili, viti vyekundu, na ekzosi nne ambazo kila asubuhi saa kumi na moja na nusu humsaidia muadhini. Ana ndoo ya plastiki ya kupandia kulifuta paa. Mtu mzima na heshima zake anapanda ndoo kulisafisha gari la michezo.

Nilipolifikisha suala hili kijiweni, wenzangu walinipokea kama mfiwa. Kijiwe chetu hukaa Jumapili asubuhi kwenye gereji ya fundi wetu: Altezza mbili, Celica moja, Impreza tatu ambazo mbili zinatembea, na Fairlady Z ya daktari wa meno ambaye tunamvumilia kwa sababu ndiye hununua supu. Hukumu ya kijiwe juu ya mashangingi ya mbio ilishatolewa zamani na haina rufaa: ni kiboko kuvaa raba.

Hoja ya kwanza ni uzito, na hapo hata mimi naungana nao. Gari la mbio ni jepesi na liko chini. Ukichukua tani mbili na ushee ukaziweka juu, kwenye kona zitalala kama jahazi lililopigwa na kusi. Kwa hiyo wahandisi wanaleta puto za hewa kwenye shokapu, mota za umeme za kulizuia lisilale, magurudumu ya nyuma nayo yanakata kona, na breki za ukubwa wa ajabu. Lamborghini Urus, kwa mfano, diski za breki zake za mbele zina upana wa milimita 440. Hilo ni sinia. Unaweza kupakulia pilau watu wanne wakashiba. Yaani wanatengeneza ugonjwa, halafu wanauza dawa, halafu wanakwambia dawa ndiyo anasa.

Na anayetajwa kwa huzuni zaidi ni Lotus. Mwanzilishi wake, Mwingereza Colin Chapman, alijenga jina lake lote kwenye wepesi. Gramu aliyoiondoa ilimfurahisha kuliko farasi aliyemwongeza. Elise ya kwanza, ya 1996, ilikuwa na kilo kama 725. Leo Lotus hiyohiyo inauza Eletre, gari refu la umeme linalotengenezwa Wuhan, China, lenye uzito wa karibu tani mbili na nusu. Dogo wa Impreza alipiga hesabu hapohapo kwenye simu: ukiweka Elise tatu kwenye mizani, bado zinabaki kilo za kuwapandisha wanaume wanne wenye vitambi. Daktari wa meno akaangalia pembeni.

Tatizo langu ni kwamba mimi husoma. Na mtu anayesoma hana raha kijiweni.

Wanapoilaani Porsche kwa kuleta Cayenne mwaka 2002, wanasahau hali ya mgonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ile ilikuwa inapumua kwa taabu. Boxster ikaiamsha kitandani mwaka 1996, kisha likaja hilo gari refu, lililozaliwa tumbo moja na Touareg ya Volkswagen, na wapenzi wa 911 wakalia hadharani. Walilia, na matajiri wakanunua. Mwaka 2023 Porsche ilikabidhi wateja Cayenne zaidi ya 87,000, na Macan, mdogo wake Cayenne, nazo zaidi ya 87,000. 911 zilikuwa kama 50,000. Kwa hiyo ile 911 ambayo Dogo ameibandika kwenye kioo cha simu yake imesomeshwa na wale wawili anaowatukana. Ni sawa na kijana anayemcheka shangazi yake muuza vitumbua huku amevaa sare iliyonunuliwa kwa vitumbua.

Au hii ya Lamborghini. Wa Celica hupandwa na mori akisikia Urus: "Wamemvunjia heshima mwanzilishi!" Mwanzilishi yupi, kaka? Ferruccio Lamborghini alikuwa anatengeneza matrekta. Alianza na matrekta kwanza, magari ya mbio yakaja 1963. Na mwaka 1986, sisi wengine tukiwa bado tunaendesha magari ya waya, kampuni yake, ambayo wakati huo haikuwa tena mikononi mwake, ilitoa LM002, dude lenye umbo la kontena na injini ya V12 iliyotoka kwenye Countach, na masheikh wa Ghuba wakalipeleka kwenye mchanga. Sana sana, Urus imerudi nyumbani ikiwa imeoga.

Ferrari ndio walionichekesha zaidi. Mkuu wao, marehemu Sergio Marchionne, aliulizwa mwaka 2016 kama Ferrari nao watatengeneza gari la namna hiyo, akajibu kwamba labda wampige risasi kwanza. Mwaka 2022 ikatoka Purosangue: milango minne, V12, farasi 725, na katazo la heshima kwamba lisiitwe SUV. Kama shemeji vilevile. Inaonekana hili ni jambo la ukoo: wote wana shangingi na hakuna anayetaka liitwe shangingi.

Nilidhani nimemaliza ubishi, kumbe kijiwe kina siri yake. Dogo akatoa simu kutuonyesha gari la ndoto zake: Porsche 911 Dakar, zilizotengenezwa 2,500 tu, sawa na 911 nyingine ila imeinuliwa milimita 50 ipite kwenye mawe. Wakaiangalia kama mtoto mchanga. Wa Celica akaleta Lamborghini Sterrato, ile Huracán iliyopandishwa ikapachikwa taa za rali puani. Mashallah zikamiminika. Mmoja akakumbusha kwamba mwaka 1978 Vic Preston Jr alishika nafasi ya pili kwenye Safari Rally ya Kenya akiwa na 911 iliyoinuliwa, tope hadi madirishani, na hakuna aliyesema limevunjiwa heshima.

Nikauliza swali dogo tu. Gari la chini likipandishwa juu ni shujaa, la juu likipewa mbio ni msaliti?

Kimya. Fundi akagonga spana mahali ambapo hapakuhitaji kugongwa. Supu ya siku hiyo nilijilipia.

Lakini msinielewe vibaya, sijahamia upande wa shemeji. Manung'uniko yangu kwake ni ya aina nyingine. Urus inakwenda kilomita 305 kwa saa. La shemeji linakwenda pungufu ya hapo, ila bado ni mara nyingi zaidi ya ile hamsini iliyoandikwa kwenye vibao vyetu, na chini ya kila mwembe wa barabara yetu kuna trafiki na tochi yake. Shemeji hukimbia wapi? Kutoka Goba hadi Posta tunaburuzana naye kwenye foleni ileile, mimi nikitazama matairi ya daladala, yeye akitazama paa lake. Hiyo ndiyo faida yote ya V8 yenye turbo mbili: kuona paa la daladala.

Halafu nikamwona kwenye tuta.

Siku hiyo mimi ndiye nilikuwa nyuma. Nilisubiri aliruke kama chura, maana gari refu limenunuliwa kwa kazi gani? Taa za breki zikawaka. Akasimama kabisa. Akakata usukani mshazari, akatanguliza gurudumu la mbele kulia, na kupitia kioo cha nyuma nikayaona mabega yake yamepanda. Alikuwa amebana pumzi! Rimu zake ni inchi 22, na tairi lililozizunguka ni jembamba kama mkate wa ufuta. Tuta likigusa vibaya, tairi moja tu ni ada ya mtoto ya muhula mzima. Nikapiga honi. Nilipiga ndefu, nikiri.

Wiki mbili baadaye, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, simu. "Shem, gari limelala."

"Limelala vipi?"

"Njoo tu uone."

Nilikwenda na kanzu ya kulalia. Shangingi lilikuwa limekaa kitako. Puto ya hewa ya nyuma ilikuwa imevuja usiku, na limekaa chini kiasi kwamba nilipolisogeza Altezza langu pembeni yake, nyuma zao zilikuwa karibu kimo kimoja. Kwa mara ya kwanza shemeji alilifuta paa bila ndoo. Fundi alikuja, akapiga magoti, akasikiliza kama daktari, akasema, "Bosi, mapafu. Nimeshapiga simu Kariakoo, hakuna. Ni kuagiza."

Basi kwa siku kumi na tisa shemeji alipanda Altezza. Magoti kidevuni, mkoba mapajani, kimya kama mtu aliyefilisiwa. Siku ya kwanza tulipolifikia tuta, tulibana pumzi wote wawili. Mchirizi wa bluu ukaongezeka. Siku ya tano akaniambia, bila kunitazama, "Shem, hiyo gia inaingia vizuri." Siku ya kumi aliomba aiingize yeye kidogo. Hatukumwambia dada yake.

Mapafu yalipofika, akanipa ufunguo nilipeleke gari kulijaribu hadi Bagamoyo, kama shukrani. Na hapa naomba anayesoma asinipeleke kijiweni. Baada ya Mapinga kuna kipande kimenyooka, trafiki hayupo, nikakanyaga. Jamani. Kuna kitu watu husahau kuhusu kiboko: mnyama yule, na mwili wake wote ule, akikukimbiza humwachi. Anayecheka mwendo wa kiboko hajawahi kukutana naye nchi kavu. Kiti kilinimeza, ekzosi nne zikatoa sauti ambayo V8 huitoa na silinda zangu nne hazijawahi kuiota, na nikasikia mtu anacheka ndani ya gari. Nilikuwa peke yangu.

Kwenye kona ya kwanza likalala kidogo, nikalaani uzito kama kawaida yangu, nikajisikia nafuu.

Sasa mimi na shemeji tumeandika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tumeomba tuta lile lipunguzwe nusu, au angalau lipakwe rangi nyeupe lionekane jioni. Sahihi ni mbili, yangu na yake, na fundi ametia ya tatu ingawa nahisi moyoni anatusaliti. Mwenyekiti alitupokea vizuri, akaisoma mpaka mwisho, akasema atalifikiria suala letu. Kisha akavaa helmeti, akapanda pikipiki yake, na akalipita lile tuta bila hata kupunguza gia.