Mstari Uliokaliwa

Kiangazi kikikaza huko Tarangire, ushirika wa Mbuyuni hufurika. Si kwamba wanyama wanaokoka zaidi mwezi wa Septemba. Madimbwi ya mbugani yamekauka, mto ndio uliobaki na maji, na mbuyu wa ibada uko ukingoni mwake. Mzee Pofu, katibu wa baraza, huandika mahudhurio kwa wino mzito na kuyapeleka juu kama matunda ya uamsho.

Chini ya mbuyu huo pana jiwe bapa lililochongwa Neno. Msomaji wa siku huketi kwenye kigoda kilichowekwa juu ya jiwe, huinama, husoma, na ushirika huitikia. Kigoda ni cha madume. Aliyetoa agizo hilo hakumbukwi, na labda halikuwahi kutolewa. Kazi nyingine zote, yaani kufagia, kuimba, kupikia wageni, kuhesabu sadaka na kwenda kuwaona wagonjwa, nazo hazikutolewa agizo, ila zikaonekana ziko mikononi mwa majike.

Wazee waliliona jambo hili na kulinyamazia, wakiweka matumaini yao kwa vijana. "Hawa wamesoma," walisema wakicheua. "Sisi tukishaondoka, mambo ya kigoda yataondoka nasi." Maskini wazee! Hawakuwa wamehudhuria semina.

Semina ililetwa na Jogoo wa Minjingu, mtumishi kijana mwenye suti ya bluu iliyombana kifuani na kiatu cha ncha. Mada yake ilikuwa "Jike Anayemcha Mungu na Nafasi Yake", kiingilio kilo moja ya mtama. Alianza kwa kukumbusha kwamba jua halijawahi kuchomoza kabla hajawika, kisha akaingia kwenye Neno.

"Wapendwa, mwili una vichwa vingapi?"

"Kimoja!"

"Na chenye vichwa viwili kinaitwaje?"

"Zimwi!"

Vijana walicheka mpaka wakashikana mabega. Jogoo akawaonya kwamba haya ya haki sawa ni mambo ya Beijing, ni roho ya Yezebeli iliyovaa miwani. Nasema hivi pembeni: mkutano ule wa wanawake wa Beijing ulifanyika mwaka 1995, wengi wa waliokuwa wakicheka walikuwa hawajazaliwa, na aliyekuwa katibu mkuu wake ni Mama Gertrude Mongella wa Ukerewe, mtoto wa nchi hii hii. Lakini Beijing ni mbali, na kitu cha mbali hulaumika kwa urahisi. "Mimi nyumbani nina mitetea kumi na miwili," Jogoo alimalizia, "na hakuna anayenijibu." Hakuna aliyemuuliza ile suti ilinunuliwa kwa mayai ya nani.

Wiki iliyofuata, baada ya mazoezi ya kwaya, Umoja wa Vijana ukafanya mdahalo. Mada: "Usawa wa Dume na Jike: Mpango wa Mungu au Mpango wa Wazungu?" Aliyeitunga alikwisha kuijibu.

Kijana Swala, mwenyekiti, alifungua kwa sala na kwa tahadhari. "Bwana asifiwe. Mimi binafsi naunga mkono usawa, ila usipitilize." Makofi. Kila aliyesimama baada yake aliunga mkono usawa, na kila mmoja alikuwa na ila yake mfukoni. Walikubaliana bila ubishi kwamba jike asome. Walikubaliana kwamba afanye kazi, achangie ada na harusi, aongoze kwaya, na hata ahubiri siku ile moja ya akina mama kwa mwaka. Neno la mwisho tu ndilo lingebaki kwa dume, kwa sababu lazima libaki kwa mtu.

Kijana Simba alisimama, manyoya ya shingoni yakiwa ndiyo kwanza yanachomoza.

"Sisi si kama baba zetu," alisema. "Mimi sitaki mke goigoi. Nataka msomi, mwenye kazi yake, tusaidiane maisha."

"Akitoka kazini?" aliuliza Binti Fisi kutoka nyuma.

"Atapika. Lakini na mimi nitamsaidia."

"Kufanya nini?"

Kijana Simba alifikiri kwa muda. "Kumpa pole."

Binti Simba naye akaomba nafasi. Alfajiri ile alikuwa amemwangusha nyumbu, yeye na dada zake, baada ya kutambaa kwenye nyasi tangu usiku wa manane. Damu ilikuwa bado imemkaukia kidevuni. Kaka zao walikuja jua limetoka, wakala kwanza kama desturi ya simba ilivyo, na yeye akapata mbavu na kwato. Alisimama na njaa yake akasema kwa sauti nyororo, "Mimi sina tatizo na kichwa. Wao wakiwa kichwa, sisi ni shingo."

Shangwe. Jogoo mwenyewe angelia machozi. Alipoketi, Binti Fisi alimsogelea sikioni.

"Shoga, unayaamini hayo?"

"Ukisema ndiyo mbele zao, nyumbani unafanya yako," Binti Simba alinong'ona. "Ukisema hapana, unaombewa."

Wapo watakaomwita mnafiki au mjinga. Mimi siwezi. Katika ushirika ambao posa, barua ya utambulisho, nafasi ya kuimba peke yako na hata sahani ya sherehe vyote hupitia kwenye hiyo ndiyo, binti huyu alikuwa amepiga hesabu. Kinachonisumbua ni kwamba hesabu yake ilihesabiwa kama kura. Swala alipoomba mikono, kwato na makucha ya majike ndiyo yaliyoinuka juu zaidi, na mpaka leo madume wa Mbuyuni wakiulizwa hujibu kwamba wenyewe majike ndio waliotaka.

Binti Fisi hakuinua mkono. Akaambiwa ajieleze. "Kwetu," alisema, "jike wa chini kabisa hutangulia mzogani mbele ya dume mkubwa, na dume hangoji tu, hungoja akiwa amejikunyata."

"Haya! Mnaona?" Kijana Simba aliruka. "Ndiko wanakotupeleka!"

"Sijasema ni kuzuri. Kaka zangu wanalala njaa, na huo nao si usawa. Nasema tu kwamba Mungu aliyewaumba ninyi ndiye aliyetuumba sisi. Kwa hiyo msiniambie maumbile yameshaamua."

Akajibiwa kwamba mila za fisi si za kiroho. Hoja ikafungwa.

Mbuni na mkewe walikuwa wameketi pembeni. Mbuni dume si msemaji, lakini alisukumwa aeleze utaratibu wao, naye akaeleza kwa ufupi: usiku hulalia mayai yeye, maana ni mweusi na giza humficha, mchana hulalia mke wake, maana ana rangi ya vumbi. "Mayai hayajauliza kichwa ni nani," alisema. Pundamilia wawili wakakonyezana. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Kaka yetu amelishwa limbwata." Mbuni aliyefukuza mbweha usiku kucha akainamisha shingo kwa aibu, na wiki iliyofuata akaanza kuondoka kiotani jioni ili aonekane kijiweni.

Hapo ndipo Mbayuwayu alipoombwa aseme jinsi mambo yalivyo kwa binadamu. Huyu hukaa kwenye mapaa ya makanisa, na hachoki kukumbusha kwamba ukoo wake umetajwa katika Zaburi ya 84. Alieleza kwamba Walutheri wa Tanzania walianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, ingawa si dayosisi zote zilizokwenda kwa kasi moja. Kwamba Waanglikana wa Kenya walimweka Rose Okeno kuwa askofu wa Butere mwaka 2021. Kwamba kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1994 kuwa kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre.

"Kwa hiyo palipo na mchungaji mwanamke vijana wamebadilika?" aliuliza Swala.

"Wanamsifu sana," alisema Mbayuwayu. "Wanasema ana upako. Nimekaa juu ya ofisi yake. Nikamsikia bwana harusi mtarajiwa, shahada mbili huyo, akiuliza kwa adabu zote kama siku yenyewe hawezi kupatikana mchungaji baba."

Kikao kingeishia hapo kama si Nguchiro. Huyu ni mama mdogo wa mwili, mfagizi wa jiwe kila Jumamosi, na alikuwa amefika na ufagio wake akingoja wasomi wamalize. Aliona jua linazama.

"Samahani wanangu. Kigoda mkisogeze kidogo nifagie na ule mstari wa kwanza."

"Mstari wa kwanza si huu?" Swala aliuliza, akionyesha ule ambao ushirika wote uliujua kwa moyo, unaowataka majike wawatii madume.

"Huo ni wa pili, baba. Wa kwanza uko chini ya kigoda."

Walitazamana. Nguchiro, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza kama anajua kusoma, akawaeleza kama anayetaja bei ya chumvi: mstari wa kwanza unawataka wote, dume kwa jike na jike kwa dume, kila mmoja ajishushe mbele ya mwenziwe. Ule wa pili ni mfupi. Kisha inafuata mistari mingi, mirefu, inayomtaka dume ampende jike kiasi cha kuutoa uhai wake mwenyewe. "Hiyo ina vumbi jingi," alisema. "Haikanyagwi na haisomwi."

Mbayuwayu aligeuza kichwa upande. "Hata binadamu wako hivyo hivyo," alisema. "Waefeso sura ya tano. Harusini huanzia mstari wa 22, wakauacha wa 21 mlangoni. Na sehemu ya mume ni ndefu kuliko ya mke, lakini ikifika hapo ndipo watoto wanapolia na picha kupigwa."

Mtu angedhani vijana watasogeza kigoda. Ni kigoda, si mlima. Mtoto wa ngiri angekisukuma kwa pua. Lakini Kijana Simba alisema suala ni nyeti, Swala akasema lisije likaleta mgawanyiko, na ikaundwa kamati. Wajumbe madume watano na jike mmoja, Binti Simba, awe katibu kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Chai ya kamati nayo ikaangukia kwa katibu.

Baada ya vikao vingi na vitafunwa vingi zaidi, kamati ilitoa taarifa. Kwanza, mstari wa kwanza upo. Pili, ni mtakatifu mno, na haifai kukanyagwa ovyo. Tatu, ununuliwe zulia la kuufunika. Nne, kigoda kirudishwe juu ya zulia. Michango ikapitishwa, na majike, kama kawaida, wakatoa zaidi. Nguchiro akaongezewa kazi ya kukung'uta zulia.

Binti Fisi aliacha kuhudhuria Umoja wa Vijana, ingawa Jumapili huja na hukaa karibu na njia. Wanasema amepoa kiroho.

Semina ya Jogoo ilizaa tunda jingine katika ukoo wa Bibi Tembo. Ukoo huo, kama koo zote za tembo, unaongozwa na jike mkongwe, wala haikuwa hoja ya mtu. Waliokuwapo wanaukumbuka ukame wa mwaka 1993, ndama 16 kati ya 81 wa koo tatu walipokufa kwa miezi tisa. Wakati ule koo zilizokuwa na mabibi wa kutosha umri kukumbuka ukame wa miaka ya mwisho ya 1950 zilitoka hifadhini na kufuata maji ya mbali, na watoto wao wengi wakapona. Bibi Tembo alikuwa kigori tu. Alikwenda ameshika mkia wa bibi yake, akiitia kila kona kichwani.

Kijana Tembo, mjukuu, alikuwa amefika umri ambao dume huondoka ukooni akajitafutie. Lakini alirudi kutoka kwenye semina akiwa na daftari.

"Bibi," alisema kwa heshima, "shikamoo. Nani aliyekuruhusu kuongoza?"

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Bibi. Alitafakari swali hilo kwa dhati, maana hakuwahi kulisikia. "Kiu," akajibu.

Mama zake na shangazi zake wakaingilia kati. Walisema kijana asivunjwe moyo, ni baraka siku hizi kumpata kijana wa kiume anayependa mambo ya Mungu. Ikakubaliwa kwamba yeye ndiye kichwa. Mwaka huo mto uliponywea mpaka mchanga ukaonekana, Kijana Tembo alitangulia mbele na masikio yameinuliwa, na kila njia panda alirudi nyuma hatua chache, kama anayekagua msafara, mpaka usawa wa Bibi.

"Kushoto," Bibi alimnong'oneza.

"Kushoto!" alipiga baragumu, na ukoo mzima ukaenda kushoto, wakafika, wakanywa.

Semina ya mwaka uliofuata kiingilio kilipanda hadi kilo mbili. Kijana Tembo alialikwa kutoa ushuhuda, "Jinsi Nilivyouongoza Ukoo Wangu Kwenye Maji". Alisimulia vizuri, Jogoo akimshangilia kwa mbawa, mpaka alipofika kwenye kona ya mwisho, akakwama. Aligeuka kutazama kule kwenye masufuria, walikokuwa wapishi.

"Kulia," alisema Bibi bila kuacha kukoroga.

"Kulia!" akasema Kijana, na mkutano wote ukaitikia Ameni.