Sifa za Printa Isiyotaka Mshenga

Kwa taadhima inayostahiki kitu kilichonikesheza siku tatu mfululizo, na kwa moyo mkunjufu wa mtu aliyekwisha kuzimeza hasira zake pamoja na chai ya rangi, naomba leo niisifu printa yangu. Imekaa juu ya kabati la vyombo, nyeupe, kimya, imefunikwa kitambaa cha kutarizi kama zilivyofunikwa redio za zamani, na mgeni aionapo hudhani kuwa ni mali ya mtu aliyestarehe. Naliinunua Darajani kwa sababu kijana aliyeniuzia aliniapia kuwa haina haja ya waya wala ya ruta, nami kwangu Kikwajuni ruta sina. Intaneti yangu ni bando ninalolitia katika simu, likiisha nami nimekwisha. "Hii, Ami, inasema na laptopu moja kwa moja," alisema. Maneno yake ni ya kweli. Nayashuhudia kuwa ni ya kweli, kama ilivyo kweli kwamba mtu aweza kwenda Pemba kwa kuogelea.

Msomaji asiyepata kujishughulisha na mambo haya yampasa kwanza aijue kazi ya ruta. Ruta ni mshenga. Laptopu ikiwa na neno kwa printa humpa ruta, ruta akalipeleka. Printa ikiwa na jawabu humpa ruta, ruta akalirejesha. Na wawili hao waweza kuishi chini ya paa moja miaka kumi pasina kuonana uso kwa uso, na heshima ya kila mmoja ikasalimika. Nyumba isiyo na ruta ni nyumba isiyo na mshenga, na katika nyumba ya namna hiyo ndipo inapodhihiri sifa kuu ya printa yangu, nayo ni utawa. Tangu hapa nitamwita kwa heshima ya mtu, maana kinachonitawala kiasi hiki si adabu kukiita kitu.

Mwezi wa Oktoba 2010, muungano wa makampuni uitwao Wi-Fi Alliance ulianza kuvipa idhini vyombo viwezavyo kusemezana bila ya mshenga, kwa utaratibu uliopewa lakabu ya Wi-Fi Direct, na yamkini wako waliodhani kuwa siku ile haya iliondoka duniani. La hasha. Printa asiye na mshenga hatoki kumfuata mume. Hujenga nyumba yake mwenyewe: hurusha mawimbi, hujipa jina linaloanza na neno DIRECT likifuatwa na herufi mbili zisizo na maana katika lugha yoyote niijuayo, hufunga mlango kwa nywila, kisha huketi ndani akangoja. Ni laptopu ndiyo iondokayo kwao, ikabisha hodi, ikaingia, ikapewa anwani na mwenye nyumba, kama walivyofanya mabwana harusi wengi wa mwambao huu tangu zama za mababu, waliohamia katika nyumba ya mke na bahasha ya nguo kwapani.

Na mwenye nyumba huyo hataki ukewenza. Laptopu ina kidude kimoja cha kunasia mawimbi, na kidude kimoja aghalabu hulala nyumba moja: kikiwa kwa printa hakiko kwa intaneti, na kikirejea kwa intaneti, printa huandikwa kuwa yuko nje ya mtandao, ingawa taa yake yakonyeza palepale kabatini, hatua nne kutoka pua yangu. Mara nilipokwisha kuandika nywila, yalitokea maandishi madogo kunijulisha kuwa nimeunganishwa lakini hakuna intaneti. Yaani ndoa imesihi na dunia imefungwa. Nikafurahi. Nikabonyeza palipoandikwa chapa. Laptopu ikanijibu kwa upole kuwa haiwezi, kwa kuwa haina dereva.

Nalisoma mara ya pili. Printa hana gurudumu, hana usukani, wala hajapata kushuka kutoka juu ya kabati, ataka dereva. Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka kumi na minne na stahamala ya mtu wa miaka mia, alinieleza kuwa dereva ni programu ya kuifundisha laptopu lugha ya printa.

"Na huyo dereva yuko wapi?"

"Yuko kwenye intaneti, Babu."

Izingatie, ewe msomaji, hukumu hii, maana sidhani kama kadhi yeyote wa Unguja amepata kuletewa mfano wake. Ili laptopu iwe kwa printa sharti iiache intaneti. Na ili iwe na ulimi wa kusemea na printa sharti imwache printa irejee kwa intaneti. Kwa hiyo ndoa haitimii ila kwa talaka, na talaka haina sababu ila hiyo ndoa. Nalitoa talaka ya kwanza saa tatu za usiku. Nikafungua hotspoti ya simu, nikaanza kumshusha dereva, naye akatokea kuwa mnene kuliko kamusi zangu zote pamoja, bando likakata roho safari ikiwa robo tatu. Nikanunua jingine. Saa nne na nusu nilirejea kwa printa na dereva wangu. Nikaambiwa si huyu, huyu ni wa ndugu yake. Wakati mmoja laptopu ilibisha hodi isiitikiwe, ikajipachika anwani yake yenyewe iliyoanza na 169.254, ambayo ndiyo anwani ya vyombo vilivyokosa wa kuvipokea, ikakaa pale nje ikijiita mwenyeji. Hata ilipofika usiku wa manane nalikuwa nimekwisha kuacha na kurejea mara nyingi kuliko sharia inavyoruhusu, na hakuna mtu aliyenizuia.

Mjukuu akashauri tutafute mshenga wa kukodi, yaani simu iwe ndiyo ruta, printa na laptopu wote wawili waingie kwake. Shauri lilikuwa zuri. Lakini simu ilikuwa ikirusha mawimbi ya gigahatsi 5, na printa wangu, kama printa wengi wa bei ya chini, husikia ya 2.4 peke yake, basi mshenga alipiga ukelele usiku kucha mlangoni kwa mtu ambaye kwa sauti ile ni kiziwi.

Yapo mambo ambayo mzaha hauyafikii, nami nitayasema kwa ufupi. Katika sanduku mlikuwa na kitabu cha lugha nyingi nisizozijua, na Kiswahili hakimo. Mlikuwa na kisahani cha dereva, ilhali laptopu niliyo nayo, kama zilivyo nyingi za siku hizi, haina tundu la kisahani. Waya haumo. Waya mfupi, wa kawaida, ambao ungaliimaliza kazi hii kwa dakika tano, haumo! Na tundu lake lipo nyuma ya printa; wamelitoboa watengenezaji wenyewe, kisha wakalibandikia kibandiko ili nisilione. Mtu mzima aliketi mahali, mbele ya meza safi, akapiga hesabu ya senti atakazopata kwa kila waya asioutia sandukuni, akaiita hesabu hiyo maendeleo. Duka la kwanza nililouulizia waya huo umekwisha, la pili uko wa aina nyingine, la tatu wamefunga kwa mazishi. Astaghfirullah. Narejea katika sifa.

Printa ni mkarimu kwa jirani. Nywila aliyotoka nayo kiwandani ni tarakimu kuanzia moja hadi nane kwa mpangilio wake, na siku ya pili, wakati mimi mwenye mali sijapata hata nukta, alitoa kwa hiari yake picha tatu za mchezaji wa mpira, kumbe zimetumwa na mtoto wa nyumba ya pili. Printa huhifadhi afya: ukitaka kuwaunganisha bila ya nywila, ukibonyeza kwenye laptopu una dakika mbili za kufika kabatini kubonyeza kidude chake, na magoti yangu hayajapata kazi ya namna hiyo tangu nilipostaafu ualimu. Yuko pia printa wa kufunguliwa mlango kwa namba ya tarakimu nane, ambayo 2011 mtaalamu Stefan Viehböck alionyesha kuwa hukaguliwa nusu kwa nusu, hata mwivi hahitaji kujaribu zaidi ya mara 11,000. Mlango wa misumari ya shaba, na dirisha lake li wazi kando. Anajijua nafsi yake: ukishika kidude fulani hutoa papo hapo, bila ya dereva na bila ya kuulizwa, ukurasa mzima wa kueleza jina lake, anwani yake na afya yake, kwa wino wangu. Ni mwekevu pia. Rangi ya manjano ikiisha, hakubali kuchapa hata neno jeusi.

Na asidhani mtu kuwa kabila la printa halina taathira katika historia. Karibu na 1980, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT huko Marekani, Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu ya printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi, akanyimwa maandishi ya programu hiyo, na uchungu ule ni miongoni mwa yaliyompeleka kutangaza 1983 mradi wa GNU, wa programu zilizo huru. Printa wengine huzaa kurasa. Yule alizaa madhehebu.

Katika usiku wa tatu mawazo yangu yalirudi nyuma. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta matbaa Unguja, ikachapa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi kwa herufi za Kiarabu; Askofu Steere naye, katika mji huu huu, alikuwa na matbaa ya misheni ambamo vijana walifundishwa kupanga herufi za risasi moja baada ya moja. Walichapa majuzuu. Mimi nataka ukurasa mmoja.

Na huo ukurasa ni wa nini? Hili ndilo swali nililostahili kuanza nalo, na nikalikwepa kwa kumwonea haya anayehusika. Iko ofisi moja, ninayoistahi kiasi cha kutoitaja jina, ambayo hunipa pensheni yangu, nayo mara kwa mara hutaka kujua kama ningali hai. Ofisi hiyo ina tarehe yangu ya kuzaliwa, ina picha yangu, ina alama za vidole vyangu vyote, ina namba ya simu yangu, na kwa namba hiyo huniletea ujumbe wa kunipongeza kwa sikukuu. Fomu yenyewe imeniletea kwa baruapepe. Nikauliza kama naweza kuijaza na kuirudisha kwa njia ile ile iliyokuja. Nikaambiwa la, mfumo ni wa kisasa, lazima nichape, nitie saini, sheha apige muhuri, niilete kwa mkono wangu.

Saa kumi na robo, kabla ya adhana ya alfajiri, printa alikohoa, akavuta karatasi, akaitoa fomu yangu ikiwa imekwenda upande kidogo. Sijui nilifanya nini safari ile ambacho sikukifanya safari zilizotangulia, na sina nia ya kuchunguza. Sheha, ambaye huswali nami safu moja kila alfajiri, aliandika kuwa ameniona. Nikaenda.

Karani aliyenipokea nalimfundisha hesabu darasa la sita.

"Shikamoo, Mwalimu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Sote wazima."

"Umekuja na fomu ya kuthibitisha uhai?"

Nikampa. Aliilaza kwenye meza, akatoa simu yake mfukoni, akaipiga picha, akaitia picha ile katika kompyuta, na karatasi akaitupa katika boksi la maji ya chupa lililokuwa chini ya miguu yake. Kuanzia kuchapwa hata kutupwa haikutimiza saa saba. Nalisimama mbele ya kijana niliyemfundisha kugawanya, nikipumua kwa sauti, naye hakuandika pumzi yangu popote, kwa sababu pumzi haina mahali pa kupigwa muhuri. Sina la kumlaumu. Yeye pia ana mkubwa, na mkubwa wake ana mkubwa, na hapana hata mmoja kati yao ambaye nyumbani kwake kuna kabati lenye printa juu yake.

Kisha akainama karibu yangu, akasema taratibu wasimsikie wa meza ya pili: "Mwalimu, hii umeitoa wapi? Kwako? Printa yetu sisi haionani na kompyuta tangu ruta ilipochukuliwa, na wazee wanakuja mikono mitupu, tunawarudisha." Akanionyesha benchi. Walikuwako watu kumi na wawili, wengine na mikongojo, wote wanaomba kuandikwa kuwa wako hai.

Nikarudi nyumbani na majina yao. Printa alinipokea, nikazitoa fomu kumi na moja, na katikati ya ile ya kumi na mbili manjano ikaisha. Nusu ya karatasi imo ndani mpaka leo, na duka la wino linasema mzigo haujafika. Mwenye fomu hiyo nilimwona jana asubuhi barazani, anakunywa kahawa.