Baba Daktari, Awamu ya Pili

Mtaa huu hauna dogo. Matokeo ya fomu siksi yalipotoka Julai, binti yangu wa PCB kapata C tatu, jioni hiyo hiyo mimi nikawa Baba Daktari hapa kwa Mangi. Soda nikanunua. Za kukopa, lakini nikanunua. Mzee wa magodoro akapandisha suruali, akanionyesha goti lake, eti nimuulizie kwa binti.

Awamu ya kwanza ya udahili ikatoka. Hajachaguliwa. Udaktari kote alikoomba, holaa!

Mimi nikaona ni uonevu. Nikamwambia, mwanangu, mwongozo wa TCU si unasema udaktari kuanzia pointi 6? C moja ni 3, wewe unazo 9. Hawa wanakudai nini? Akaniangalia kama konda anavyomwangalia abiria aliyepanda gari la Mbagala halafu anaulizia Mwenge.

"Baba, 6 ni za kuombea tu. Wenye A wako kibao."

Haya. Nikaingia kumfariji. Nikamwambia hata mimi nilifeli, na hebu niangalie nilipo. Akaniangalia nilipo. Nilikuwa nimesimama juu ya ndoo, naziba bomba kwa mpira wa baiskeli, maji yananitiririka hadi kwapani. Kilio kikaongezeka. Mama yake akaniambia nitoke nje, kama faraja imenizidi nikawafariji kuku.

Dirisha la pili likafunguliwa, ndugu nao wakafunguka. Shangazi yake kapiga simu toka Tanga: ualimu! Mjomba: chuo binafsi! Akanitajia ada, nikamuuliza ni ya mwaka au tunanunua na jengo. Mkopo wa Bodi? Utaomba, utapewa wanachoona wao. Mimi nikashauri arudie mtihani, mwaka si mwingi. Mtoto akainuka, akaenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Kumbe mwenzetu anapiga hesabu zake. Kajaza mwenyewe uuguzi, famasia na sayansi ya maabara. Famasia nikaipenda mno. Nikamwambia safi, fremu ya duka la dawa nakutafutia hapa barabarani. Akasema baba, ni digrii ya miaka 4. Minne! Kuuza Panadol! Ila na huo udaktari wenyewe ni mitano, halafu mwaka mzima wa mazoezi kazini. Nikaacha kuhesabu.

Awamu ya pili kapata. Tena kachaguliwa vyuo viwili, kwa hiyo athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa meseji. Imetumwa kwenye simu gani? Yangu. Ya kwake kioo kilikufa. Na mimi meseji ya namba ya siri kutoka kwa watu nisiowajua naijua dawa yake, matapeli wa "ile hela tuma namba hii" wamenifundisha. Nilifuta, nikajipongeza.

Nyumba nzima imenigeukia. Binti kaingia kwenye akaunti yake kuomba atumiwe nyingine. Simu yangu imekamatwa, imewekwa mezani, nimekatazwa hata kuigusa. Tumeizunguka. Ikalia. Vichwa vyote vikainama, changu kikakosa nafasi.

Mkopo wa simu. Elfu saba, mwisho leo. Mama yake kausoma kwa sauti, mpaka jina langu la tatu.