Mhadhara Mkuu Kuhusu Kisamvu cha Mpira

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, pamoja na nyinyi mama wapishi mnaopiga miayo huko nyuma: tulieni. Nimekuja kuwafundisha kisamvu.

Mimi ndiye bingwa pekee wa mti huu kati ya Muheza na Pangani. Nilijiteua mwenyewe, na nikapita bila kupingwa. Sisi wasomi tunauita Manihot glaziovii. Ni ndugu wa muhogo, asili yake Brazili, na wakati wa Wajerumani ulipandwa Tanga kwa ajili ya utomvu wa mpira. Mwaka 1913 mpira wa mashamba ya Asia ukaporomosha bei. Wenye mashamba wakalia, mti ukabaki, majani yakaingia chunguni. Pale kituo cha utafiti cha Amani, miaka ya 1930, watafiti waliuchanganya na muhogo wakisaka mbegu inayostahimili ugonjwa wa batobato. Hawakuniuliza. Sikuwa nimezaliwa, lakini hicho si kisingizio.

Kuupanda ni kazi ya mtoto: pingili iliyokomaa, urefu wa rula ya shule, ichomeke mvua zinapoanza, uende zako. Ila kata kilele mara kwa mara, la sivyo utachuma mboga kwa ngazi. (Ngazi ninayo. Inakodishwa.)

Sasa sumu. Ndani ya jani mna linamarini. Jani likipondwa, kimeng'enya chake huivunja, ikatoka sianidi. Mtasema, basi tusitwange! Haraka ya wasiosoma hiyo. Twangeni mpaka lilainike kabisa, maana sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu. Sufuria ikikaa wazi motoni, inapaa na mvuke. Anayetumbukiza majani mazima kwenye maji yanayotokota anakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki mbogani. Kinu kwanza, moto baadaye, mfuniko kando, dirisha wazi, tui mwishoni. Na mbuzi wafungeni mbali. Wao hawana kinu.

Namsikia mama mmoja akinong'ona kwamba bibi yake alipika hivyohivyo kabla mimi sijanunua miwani. Ilikuwa bahati, mama. Bibi alitwanga bila nadharia.

Nani kauliza habari za viganja vyangu? Ni laini, ndiyo. Mchi ni wa watu wa vitendo. Maswali mengine hayapokelewi. Shukrani zitapokelewa kwa sahani, na tui lisiwe jepesi.