Majibu Mawili ya Ua Mmoja

Katika masomo yote niliyosomeshwa sekondari, hakuna lililojaaliwa ukarimu kama milinganyo ya kipeo cha pili, kwani ukiiuliza swali moja hukupa majibu mawili, yote yenye haki sawa mbele ya hesabu, ingawa aghalabu moja lao halina mahali pa kukaa hapa duniani. Kitabuni mwetu alikuwako mtu asiyetajwa jina wala kazi, arushaye jiwe juu kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, naye amesimama kwenye roshani iliyo mita 15 juu ya ardhi; na ukikadiria mvutano wa ardhi kuwa 10, kama ilivyo desturi ya vitabu vya shule, utaona jiwe linafika chini baada ya sekunde 3, au sekunde 1 kabla halijarushwa. Mwalimu alituamuru tulifute jibu hilo la pili. Tulilifuta, lakini mimi sikuacha kumwonea huruma mpita njia aliyepigwa na jiwe ambalo mwenyewe hajaliokota.

Sasa mjomba wangu, mtu wa minada, alirejea siku moja na mawe 96 ya kusakafia, kila moja hatua moja kwa hatua moja, kwa bei ambayo hakupenda kuitaja mbele ya mkaza mjomba. Naye mkaza mjomba, asije akashindwa katika kila jambo, akashikilia kuwa ua utakaosakafiwa sharti urefu wake uzidi upana kwa hatua 4, watu wa shughuli wapate wasaa. Nikaitwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karo nailipa mimi. Haya, itoe hapa."

Nikaandika ukutani kwa makaa: mraba wa upana, pamoja na upana mara 4, ni 96. Nikaukamilisha mraba kwa kuongeza 4 pande zote mbili, ikapatikana 100, ambayo kipeuo chake ni 10 au hasi 10. Nikatoa 2, na pale ukutani zikabaki 8 na hasi 12.

"Na hii hasi 12 nayo ni yangu?" akauliza mjomba, ambaye hajapata kuacha kitu alichokilipia.

Nikamweleza kwa taadhima kwamba hiyo huhesabiwa kinyumenyume: kutoka kigingi cha pembeni, hatua 12 za upana na 8 za urefu, zote za kurudi nyuma, nazo pia huenea mawe 96 barabara, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya. Mjomba akageuka kutazama nyuma ya kigingi, uliko mpapai wa jirani na jiko lake, akatabasamu tabasamu ambalo halikunipendeza.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyetunga kitabu chake cha aljebra katika enzi ya Khalifa al-Maamun wa Baghdad, alieleza kwamba watu wanaihitaji ilmu hii katika mirathi, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Na katika mfano wake mashuhuri, ambao mraba wa kitu pamoja na kitu hicho mara 10 ni 39, alijibu 3 akanyamaza, ilhali hasi 13 nayo ingetosha. Husemwa kwamba zama zile hesabu za hasi zilikuwa hazijapata kibali kwa wanazuoni wake. Mimi nadhani mtu aliyekwisha kushughulika na mirathi hakuhitaji kuambiwa kilichoko nyuma ya kigingi.

Kabla ya alasiri habari ilikwisha kufika barazani, na jirani akaja na kanzu yake ya Ijumaa, hati ya kiwanja mkononi, na mashahidi wawili nyuma yake.

"Hasi ndiyo nini?"

"Ni pungufu ya sifuri," akajibu mjomba.

"Basi kama haifiki hata sifuri, mpapai wangu umeingiaje humo?"

Hoja hiyo hatukuwa na jawabu lake. Fundi, ambaye shule aliiona kwa nje tu, alikuwa wakati huo amekwisha kutandika mawe yote, 8 kwa 12, akingojea ujira wake na kahawa. Mjomba akaufuta ukuta kwa kiganja, jirani akaridhika. Na juma lililofuata akampeleka mwanawe kwa mwalimu wetu kwa masomo ya jioni, akimwomba aanze naye moja kwa moja katika mlango wa hasi, na mengine yatafuata.